Maktaba Ndogo na Mafuriko ya Habari

Siku hizi husikika mara kwa mara, hata vinywani mwa watu waliosoma, kwamba maktaba ndogo ya mji au ya wilaya imekwisha kazi yake. Hoja yenyewe ni nyepesi. Habari zimejaa kila mahali. Simu ya mkononi hubeba magazeti, redio, kamusi na vitabu. Basi ya nini kumlipa mtu akae katika chumba chenye rafu chache za vitabu vilivyochakaa? Watetezi wa maktaba nao hujibu kwa hoja ambayo kwa maoni yetu ni dhaifu vilevile. Wao hutoa hesabu: vitabu ni vingapi, viti ni vingapi, waliopita mlangoni ni wangapi, kisha huomba hesabu hiyo iongezwe. Pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja bila ya kujua, nalo ni kwamba kazi ya maktaba ni kulimbikiza. Anayeibeza anasema kuwa simu imelimbikiza zaidi. Anayeitetea anasema nayo iongezewe ipate kulimbikiza. Katika makala haya tunakusudia kuuhakiki msingi huo wanaoshirikiana. Tunadai kwamba maktaba ndogo haikupata kuwa ghala hata siku moja, na kwamba pale ilipojifanya ghala ndipo ilipoanza kumpoteza msomaji wake.

Ili kulielewa jambo hili hatuna budi kukumbuka jinsi huduma ya maktaba ilivyozaliwa katika nchi yetu. Sheria ya kuanzisha Bodi ya Huduma za Maktaba Tanganyika ilipitishwa mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Dar es Salaam ilifunguliwa na Rais Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, yaani siku ya ukumbusho wa Uhuru. Siku hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Kitabu kilihesabiwa miongoni mwa matunda ambayo mkoloni aliyafungia kabatini, na sasa kabati lilikuwa linafunguliwa kwa umma. Lakini umma wenyewe kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima wake walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Ulikuwa wakati wa ukame: ukame wa vitabu, wa walimu, wa macho yaliyozoea maandishi. Katika ukame kila tone ni neema, wala hapana aulizaye tone limetoka kisima gani.

Kampeni ya kisomo ilipopamba moto katika miaka ya 1970 ukame huo ulipungua kwa kasi iliyostaajabisha mataifa mengine. Kufikia mwaka 1986 takwimu za Serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma wamebaki kiasi cha mtu mmoja katika kila watu kumi. Pamoja na kisomo zikaanzishwa maktaba ndogo ndogo vijijini, aghalabu kabati moja katika ofisi ya kata au chumba kimoja kando ya shule, zenye vitabu vyembamba vya pamba, vya migomba, vya uvuvi, vya ufugaji wa ng'ombe na vya malezi ya watoto. Wapo wanaovicheka vitabu hivyo leo. Sisi hatuvicheki. Vilikuwa na sifa moja ambayo maktaba nyingi kubwa hazina: kila kimoja kiliwekwa pale kwa sababu iliyojulikana, kwa ajili ya msomaji aliyejulikana.

Mfano ulio bora zaidi wa kazi ya namna hiyo haukutoka maktabani moja kwa moja bali ulitoka redioni. Mwaka 1973 ilifanywa kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu kama milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza, kwa muda wa wiki kumi na mbili, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, redio, na kitabu kidogo chenye mambo yaleyale yaliyosemwa hewani. Mada zilikuwa chache: malaria, safura, kichocho, kuhara, kifua kikuu. Baada ya kusikiliza na kusoma, kikundi kilijadili, na baada ya kujadili kiliamua la kufanya. Vyoo vikachimbwa, madimbwi yakafukiwa, nyasi zikafyekwa kuzunguka nyumba. Tunautaja mfano huu kwa kuwa umezoeleka kusifiwa kwa idadi ya watu walioshiriki, ilhali uzuri wake tunauona mahali pengine. Katika mambo yote ya afya yaliyokuwa yakijulikana wakati ule, na yalikuwa mengi mno, waandaaji walithubutu kuyaacha karibu yote. Walichukua machache ambayo mtu angeweza kuyatenda kwa jembe lake mwenyewe kabla ya mvua kuanza. Kuacha huko ndiko kulikokuwa ufundi.

Hata hivyo mhakiki hana budi kusema na upande wa pili. Uchaguzi ule ulifanywa juu, na msikilizaji alipelekewa. Mwanakijiji aliyekuwa akisumbuliwa na ugonjwa ambao haukuwamo katika orodha hakuwa na pa kuuliza, maana redio husema lakini haisikii. Hapo ndipo maktaba ndogo ilipopaswa kuingia, iwe sikio la kampeni ile, na hapo ndipo haikuingia kwa kadiri iliyotakiwa. Makabati ya vijijini yaliachwa chini ya walinzi badala ya wakutubi. Kazi yao ikawa kuhakikisha kwamba vitabu havipotei. Kitabu kisichopotea, kisichochanika na kisichochafuka kikawa ndicho kitabu kilichotunzwa vema. Si ajabu kwamba kampeni zilipopoa, makabati mengi yalifungwa kwa kufuli, na funguo zikahama pamoja na maofisa.

Mtu aliyezoea ukame akiona mvua huweka nje kila chombo alicho nacho, sufuria, ndoo, hata kikombe. Mvua ikizidi, maji huvichukua vyombo vyote pamoja na mwenyewe. Hivyo ndivyo ilivyozipata huduma zetu. Zilijengwa kwa ajili ya uhaba, zikafunzwa kupokea kila kilichokuja, na mafuriko yalipofika zikaendelea kupokea.

Wengine hudhani kwamba mafuriko hayo yameletwa na intaneti. Sivyo. Mwanachuoni Ibn Khaldun, katika Mukadima aliyoiandika mwaka 1377, ana mlango mzima wa kueleza kwamba wingi wa vitabu katika elimu ni kizuizi kwa anayetaka kuipata elimu hiyo. Mwanafunzi humaliza umri wake katika istilahi na njia za waandishi mbalimbali kabla hajalifikia jambo lenyewe. Na mara tu baada ya mlango huo akaongeza mwingine, wa kulaumu vitabu vya muhtasari, kwa kuwa hukaza maneno mengi katika nafasi ndogo hata mwanafunzi akashindwa kuyafungua. Kwa hiyo wingi unadhuru, na ufupisho usio na mwalimu nao unadhuru. Wazee wetu wa pwani, waliosomesha kwa vitabu vichache vilivyopangwa kwa daraja, mwanafunzi akianza na Safinatun Najaa kabla ya kukaribishwa kwenye Minhaji, walilijua jambo hili kwa vitendo. Hawakuwa maskini wa vitabu tu kama wanavyosawiriwa. Walikuwa na utaratibu wa kipi kitangulie, na walikuwa na mtu wa kuulizwa. Karne nyingi baada ya Ibn Khaldun, Mmarekani Herbert Simon alieleza mwaka 1971 kwamba habari nazo zina mlo wao, nao ni makini ya mtu anayezipokea. Hivyo kadiri zinavyozidi ndivyo makini inavyokwisha. Tofauti ni kwamba mwanachuoni wa Tunis aliwahofia wanafunzi, na huyu wa Marekani aliyahofia makampuni na ofisi. Sisi leo tunamhofia kila mwenye simu.

Sasa tuingie ndani ya maktaba ndogo yenyewe tuone mafuriko yanavyoonekana rafuni, maana yapo, hata mahali ambapo umeme haupo.

Jambo la kwanza ni vitabu vya msaada. Meli huleta makasha ya vitabu vilivyotolewa na maktaba na shule za ng'ambo, navyo hupokewa kwa shukrani na picha hupigwa. Msomaji akipita baadaye rafuni atakuta vitabu vya sheria za nchi nyingine, vitabu vya kompyuta za aina isiyotengenezwa tena, miongozo ya mitihani ambayo haifanywi hapa, hadithi za watoto wanaocheza na theluji, nakala tano za kitabu kimoja cha uhasibu. Katikati ya hivyo, kama jino lililobaki, kimesimama kitabu kimoja cha Kiswahili ambacho kila mtu anakitafuta na kimechanika jalada. Hatusemi kwamba msaada wote ni mbaya. Zipo taasisi zinazouliza kwanza kabla ya kutuma, na kitabu kizuri cha hisabati ni kizuri popote kilipochapwa. Lakini rafu haina adabu ya kumwambia msomaji kipi ni kipi. Vitabu mia tisa visivyomhusu vikipangwa pamoja na mia vinavyomhusu, msomaji hapati vitabu elfu. Hapati hata ile mia, kwa kuwa atachoka kabla ya kuifikia. Na mkutubi anayethubutu kuviondoa vile mia tisa atashtakiwa kuwa ameiba au ameharibu mali ya umma, maana vimo katika daftari la mali, pamoja na meza na mapanga ya kufyekea uwanja.

Mkulima huita kazi hii kupalilia. Hapana mkulima aliyepata kulaumiwa kwa kung'oa magugu ati kwa sababu nayo ni mimea. Kanuni za ukutubi duniani kote zinaikubali kazi hiyo na kuihesabu kuwa sehemu ya utunzaji. Kwetu imebaki kuwa jambo la hofu na barua za kuomba kibali zisizojibiwa.

Jambo la pili limejificha zaidi, nalo ni mpango wa rafu. Maktaba zetu za umma hupanga vitabu kwa namba za Melvil Dewey, Mmarekani aliyeutoa mpango wake mwaka 1876. Ni mpango wenye manufaa makubwa; kwa huo kitabu hurudi mahali pake hata mkutubi akibadilishwa. Lakini kila mpango ni maoni ya mtu kuhusu dunia. Katika fungu la dini, yaani 200, sehemu kubwa ya namba imegawiwa Ukristo. Uislamu umepewa 297 peke yake, na dini za jadi za Afrika zimesogezwa mwisho kabisa katika 299. Katika fungu la fasihi, 810 ni ya Marekani na 820 ya Uingereza, na fasihi ya Kiswahili iko 896.392, ndani ya ua wa lugha zilizosalia. Katika maktaba ya Chicago mpango huo una mantiki yake. Katika maktaba ya Lindi au Tabora mtu anayetafuta tenzi hulazimika kuzipita kwanza fasihi za karibu dunia nzima, kisha aikute ya kwake mwisho wa rafu, karibu na ndoo ya zimamoto.

Tuchukue kitabu kimoja tu, Wasifu wa Siti Binti Saad cha Shaaban Robert. Kitawekwa wapi? Kwa kuwa mwandishi ni bingwa wa fasihi ya Kiswahili, chaweza kuwekwa 896.392. Kwa kuwa ni habari ya maisha ya mtu, chaweza kuwekwa 920. Kwa kuwa Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, alikuwa mwimbaji, chaweza kuwekwa katika muziki, chini ya 780. Kitabu ni kimoja na rafu haiwezi kukikata vipande vitatu. Kazi ya kukipa milango mitatu ni ya faharasa: kadi moja chini ya mwandishi, moja chini ya jina la Siti, moja chini ya taarabu. Lakini aghalabu vichwa vya mada katika faharasa zetu vimeandikwa kwa Kiingereza, na neno taarabu halimo. Kijana wa Unguja au wa Tanga anayepiga fidla, na ambaye hajapata kusikia kwamba kuna kitabu juu ya Siti, hatakifikia kitabu hicho kamwe, ijapokuwa kiko hatua saba kutoka mahali aliposimama. Maktaba itahesabu kwamba inacho. Kwa kweli haina.

Wala tusidhani kwamba mpango wa Dewey unatufunga. Majedwali yake yenyewe yameruhusu tangu zamani kwamba maktaba inayotaka kuitanguliza fasihi ya lugha ya mahali pake yaweza kufanya hivyo, kwa mfano kwa kuipa herufi na kuipanga mbele ya 810. Ruhusa ipo, kinachokosekana ni mtu wa kuitumia. Tumekuwa wacha Mungu kwa kitabu cha mtu mwingine kuliko mwenye kitabu.

Tukiacha rafu tunafikia kiini cha hoja yetu, yaani mtu anapouliza. Tutatumia mfano wa viwavijeshi, kwa sababu umewagusa wengi na kwa sababu unaonyesha jinsi kitabu na simu vinavyoweza kumpotosha mtu kwa pamoja.

Mkulima wa nchi hii amewajua viwavijeshi tangu enzi za babu zake. Hutokea kwa makundi baada ya mvua, weusi, wakihama kutoka malishoni kuingia shambani kama askari, na huonekana na kila mtu. Vitabu vya kilimo vya miaka ya 1970 vinawaeleza vizuri. Kisha mwaka 2016 aliingia barani Afrika mdudu mwingine, mwenye asili ya Amerika, na kufikia mwaka 2017 alikuwa ameonekana Tanzania. Huyu naye akaitwa kiwavijeshi, kwa kuongezewa neno "vamizi". Tabia zake ni tofauti. Hujificha ndani ya moyo wa mhindi, huacha kinyesi kilicho kama unga wa mbao, na akitazamwa kwa karibu ana alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyojipanga mraba karibu na mkia. Dawa inayonyunyiziwa juu ya majani, ambayo ingewapata wale wa zamani, huenda isimguse huyu aliyelala ndani.

Mkulima aliyepatwa na janga hili alikuwa na habari nyingi kupita kiasi. Katika simu yake ulikuja ujumbe uliosema majivu, mwingine mchanga, mwingine sabuni ya unga, mwingine dawa ya dukani yenye jina gumu bila ya kipimo chake. Huenda kila mmoja ulikuwa na chembe ya ukweli; lakini mtu hawezi kujaribu kila chembe ya ukweli shambani kwake katika msimu mmoja. Na kama angekwenda maktabani akaomba kitabu cha viwavijeshi, angepewa kile cha zamani, kitabu cha kweli kabisa kuhusu mdudu mwingine. Neno moja la Kiswahili lilikuwa limewafunika wadudu wawili, na mashine inayotafuta kwa neno, sawasawa na kadi iliyopangwa kwa neno, ingewaleta wote wawili kwa pamoja na kunyamaza.

Tuseme basi kwamba mbele ya mkulima huyo ameketi mkutubi anayeijua kazi yake. Baada ya shikamoo na marahaba, mzee anasema anataka kitabu cha kilimo. Mkutubi hainuki kwenda rafuni. Anauliza: "Mzee wangu, ni kilimo cha nini?" Cha mahindi. "Yamepatwa na nini?" Yameliwa na viwavijeshi. "Wameonekana wakitembea kwa makundi, au ukifunua moyo wa mhindi ndimo uwakutapo?" Kwa maswali matatu tu mafuriko yamekuwa kijito. Mkutubi huyo si bwana shamba, wala hapaswi kujifanya bwana shamba. Lakini anajua kwamba kuna wadudu wawili, anajua kipeperushi kipi kinamhusu yupi, anajua tarehe ya kipeperushi hicho, na anajua siku ambayo bwana shamba wa kata hupatikana. Hayo manne ni kazi yake, na hakuna hata moja kati yake linalohitaji rafu kumi.

Mhindi S. R. Ranganathan, katika kanuni zake tano za ukutubi za mwaka 1931, aliweka ya nne kuwa ni kuokoa muda wa msomaji. Kanuni hiyo hutajwa katika mitihani ya wakutubi wetu na hujibiwa vizuri. Tungependa kuiona mezani. Mara nyingi anayeketi kwenye meza ya maswali ni yule aliyeshindwa kazi nyingine, au mgeni wa wiki ya kwanza, na wenye ujuzi wamefungiwa chumba cha nyuma wakiandika namba migongoni mwa vitabu vya msaada.

Hapa tunatarajia pingamizi, nalo ni zito. Atasema mtu: mnataka mkutubi achague, aondoe, aelekeze, je, hamumpi madaraka ya kuamua umma usome nini? Nani atamzuia asiondoe kitabu kwa kuwa hakimpendezi yeye, au mkubwa wake? Hatulipuuzi swali hili. Tumekwisha kusema kwamba uchaguzi uliofanywa juu peke yake ulikuwa na kasoro zake hata ulipofanywa kwa nia njema. Lakini anayepinga asifikiri kwamba pasipo mkutubi hapana uchaguzi. Simu nayo huchagua. Hupanga kipi kije mbele na kipi kizame, na aliyeupanga mpangilio huo yuko mbali, hajulikani, wala hawezi kufuatwa na kuulizwa kwa nini. Kasha la msaada nalo limechaguliwa, na mtu aliyekuwa akisafisha rafu zake mwenyewe. Mkutubi wa wilaya ana fadhila moja iliyo juu ya hao wawili: yupo. Anaweza kuulizwa uso kwa uso. Tunachodai ni kwamba uchaguzi wake uwe wazi. Orodha ya vitabu vinavyokusudiwa kuondolewa ibandikwe ukutani kwa mwezi mzima ili mwenye kupinga apinge, na kitabu kisichokuwepo kiweze kuagizwa kutoka maktaba ya mkoa au Maktaba Kuu bila ya msomaji kudaiwa maelezo. Kwa masharti hayo hatuogopi kupalilia.

Jirani zetu wa Kenya waliwahi kutuonyesha jambo bila ya kukusudia. Katika miaka ya 1990 huduma ya maktaba ya taifa ya huko ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kwa wafugaji wa Garissa. Wageni walilipenda jambo hilo kwa ajili ya picha. Sisi tunalipenda kwa ajili ya mzigo. Ngamia ana kiasi anachoweza kubeba na hazidishi, hivyo kila safari mkutubi alilazimika kujiuliza kipi kipande na kipi kibaki. Magari yetu ya maktaba, yalipokuwa yakitembea, yalikuwa na nidhamu hiyohiyo. Ni jengo la kudumu ndilo lililotuharibu, kwa kuwa daima lina kona moja zaidi.

Limebaki kundi moja ambalo hatuna haki ya kulisahau, nalo ndilo linalojaza viti. Ni wanafunzi wanaokuja na madaftari yao wenyewe, wasiogusa kitabu hata kimoja cha maktaba, wakakaa tangu asubuhi hadi kufungwa wakijiandaa kwa mitihani. Wakutubi wengi huwalalamikia kwamba wamegeuza maktaba kuwa chumba cha kusomea tu. Tunalitazama jambo hilo kwa namna nyingine. Kijana huyo ametoka katika nyumba yenye watu wanane na televisheni moja, na ameacha simu yake imezimwa mfukoni, kwa hiari au kwa amri ya ubao ulio mlangoni. Amekuja kutafuta meza na ukimya. Katika mafuriko, mahali pasipo na maji si mahali patupu. Kama maktaba ndogo isingempa msomaji kitu kingine ila saa tatu za kuwa na jambo moja mbele yake, ingekuwa imempa kitu ambacho hakuna duka linalokiuza. Lakini basi na iwe wazi wakati yeye ana nafasi. Maktaba inayofungwa jioni pamoja na ofisi, na kubaki imefungwa mwisho wa juma, imejipangia saa za watumishi wake. Mfanyakazi wa kiwandani na mwalimu wa zamu ya mchana wataijua kwa kibao chake tu.

Kuhusu vipimo, tungeanza na jambo dogo lisilogharimu zaidi ya daftari la shilingi chache. Taarifa za mwaka za maktaba zina safu ya idadi ya vitabu na safu ya idadi ya wasomaji. Ziongezwe safu mbili: maswali yaliyoulizwa mezani yakajibiwa, na yaliyoulizwa yasijibiwe, kila moja likiandikwa kwa maneno ya muulizaji mwenyewe, kwa Kiswahili chake, bila ya jina lake. Katika safu hiyo ya pili ndimo litakamoonekana neno taarabu lisilokuwamo katika faharasa, na mdudu ambaye bado hajaandikiwa kitabu. Tungependa wanaogawa fedha za kununulia vitabu waisome hiyo kwanza, kabla ya kuuliza rafu zimejaa kiasi gani.